Sura ya Nne: Kilichonyamaza Hakijafa

Kiharusi cha kuziba mshipa hakiui ubongo kwa pigo moja. Donge la damu linapokwama ndani ya ateri na kukata mkondo wa damu, sehemu iliyo katikati ya eneo lililonyimwa damu hufa ndani ya dakika chache, lakini sehemu inayoizunguka, ambayo mara nyingi huwa kubwa kuliko hiyo ya kwanza, huendelea kuishi kwa saa kadhaa ikiwa imeacha kazi zake. Mgonjwa aliyepooza mkono na mguu wa kulia na kupoteza usemi huonekana kama mtu ambaye upande mzima wa ubongo wake umekwisha kuharibika, ilhali katika saa za mwanzo sehemu kubwa ya ulemavu huo huweza kutokana na tishu zilizonyamaza tu, zenye uwezo wa kurudi kazini zikirudishiwa damu. Ndiyo maana tiba ya kisasa ya kiharusi imejengwa juu ya swali moja: ni kiasi gani cha ubongo kingali hai, na kinaweza kuokolewa vipi kabla hakijafuata kile kilichokufa?

Sura hii inaeleza jinsi tishu hizo zilivyogunduliwa, jinsi zinavyokufa, na jinsi tiba ilivyojifunza kuziokoa, hatua kwa hatua, kuanzia miaka ya 1970 hadi leo. Hoja inayoziunganisha hatua hizo ni kwamba kupooza kwa ghafla si hukumu iliyokwisha kutolewa, na kwamba kila anayemkuta mgonjwa katika saa za mwanzo, awe ndugu, dereva, muuguzi au daktari bingwa, ana sehemu yake katika kuamua kitakachobaki.

Kiungo kisicho na akiba

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, yaani karibu asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili uliopumzika. Ini na misuli huweka akiba ya sukari kwa ajili ya wakati wa uhaba, lakini ubongo hauna akiba ya maana ya glukosi wala ya oksijeni, kwa hiyo hutegemea kuletewa vyote viwili na damu bila kukatizwa, kupitia ateri mbili kubwa za mbele ya shingo, ziitwazo karotidi, na nyingine mbili nyembamba zaidi zinazopanda kupitia mifupa ya shingo. Katika hali ya kawaida, kila gramu 100 za ubongo hupitiwa na takriban mililita 50 za damu kwa dakika, na mkondo huo ukikatika kabisa mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache.

Upungufu wa damu katika tishu huitwa iskemia, na kiharusi kinachotokana na upungufu huo, ambacho ni zaidi ya nusu ya viharusi vyote duniani, hutofautishwa na kile cha kuvuja damu, ambapo mshipa hupasuka. Donge linaloziba mshipa huweza kuwa limetoka katika moyo unaodunda bila mpangilio, au katika ukuta wa karotidi uliojaa utando wa mafuta na chokaa, au likawa limejitengeneza palepale ndani ya mshipa mdogo uliokazwa na shinikizo la damu la miaka mingi. Chanzo huamua namna ya kuzuia kiharusi kingine, lakini kwa tishu zilizonyimwa damu, katika saa za kwanza, mambo ya maana ni mawili tu: damu imepungua kiasi gani, na kwa muda gani.

Vizingiti viwili

Hadi katikati ya karne ya 20 ilikuwa kawaida kuamini kwamba seli ya ubongo iliyoacha kufanya kazi kwa kukosa damu imekufa au itakufa muda si mrefu. Imani hiyo ilitikiswa na majaribio yaliyofanyika London, katika taasisi ya tiba ya mfumo wa neva iliyoko Queen Square, ambako daktari mpasuaji Lindsay Symon na wenzake walichunguza nyani waliozibwa ateri ya kati ya ubongo, ambayo ndiyo ateri inayozibwa zaidi katika viharusi vikubwa vya binadamu. Watafiti hao walipima kwa pamoja mambo mawili: kiasi cha damu kinachopita katika gamba la ubongo, na mwitikio wa umeme ambao gamba hilo hutoa neva ya mwili inaposisimuliwa. Waliona kwamba mwitikio wa umeme hubaki damu inapopungua kwa kiasi fulani, kisha hutoweka mkondo unaposhuka hadi karibu mililita 15 kwa kila gramu 100 kwa dakika, yaani chini ya theluthi moja ya kiwango cha kawaida.

Mwaka 1977, Jens Astrup kutoka Denmark, akishirikiana na Symon na wengine, aliongeza kipimo cha tatu, nacho ni kiasi cha potasiamu kilichoko nje ya seli. Seli iliyo hai huishikilia potasiamu ndani yake kwa kutumia nishati, kwa hiyo potasiamu ikimwagika nje ni dalili kwamba nishati imekwisha na utando wa seli umeshindwa kazi. Matokeo yalionyesha kwamba umwagikaji huo hautokei pale umeme unaponyamaza, bali hutokea baadaye, damu inapopungua zaidi hadi chini ya takriban mililita 10. Kulikuwa na vizingiti viwili, si kimoja: cha juu, ambacho seli ikikivuka huacha kazi, na cha chini, ambacho ikikivuka huanza kufa. Kati ya vizingiti hivyo palikuwa na tishu zisizofanya kazi yoyote inayoonekana, lakini zenye nishati ya kutosha kujishikilia.

Tishu hizo zilipewa jina la penumbra, ambalo wanaastronomia hulitumia kwa eneo la kivuli hafifu linalozunguka kivuli kizito wakati wa kupatwa kwa jua, na katika makala yao ya mwaka 1981 Astrup, Symon na Bo Siesjö wa Sweden walilieleza kwa ukamilifu. Sehemu iliyokufa katikati yake huitwa kiini. Mwaka huohuo kundi lingine la watafiti, likichunguza kima walio macho, lilionyesha kwamba mpaka kati ya kiini na penumbra haukai mahali pamoja: tishu inayopata mililita 10 hadi 12 za damu hustahimili saa mbili au tatu tu, lakini mshipa ukibaki umezibwa moja kwa moja, hata tishu inayopata mililita 17 au 18 hufa hatimaye. Kadiri saa zinavyopita, kiini hutanuka kuelekea nje na penumbra husinyaa, na hapo ndipo ilipo maana yote ya uharaka katika kutibu kiharusi.

Jinsi seli inavyokufa

Kazi kubwa inayomaliza nishati ya nyuroni, yaani seli ya neva, ni kusukuma sodiamu nje na kurudisha potasiamu ndani. Nishati ikipungua, pampu hizo hulegea, sodiamu huingia ikifuatwa na maji, na seli huvimba. Wakati huohuo seli zilizoishiwa nguvu humwaga glutamati, ambayo katika ubongo wenye afya ni kemikali ya kupelekeana ujumbe na hutolewa kwa kiasi kidogo mno, lakini inapomwagwa ovyo huwa sumu, kwa sababu hufungua milango ya seli jirani na kuruhusu kalsiamu kuingia kwa wingi. Kalsiamu iliyozidi huamsha vimeng'enya vinavyokata protini na mafuta ya utando wa seli, na huharibu mitokondria, ambavyo ni viwanda vya nishati ndani ya seli. Kwa namna hii seli inayokufa katika kiini huisukuma kuelekea kifo seli ya penumbra iliyo jirani yake, ambayo ilikuwa bado inajimudu.

Kuna pia mawimbi ya umeme yanayoanzia ukingoni mwa kiini na kuenea polepole katika penumbra, yakizilazimisha seli zilizonyamaza kutumia nishati ambayo hazina ili kurejesha hali yake. Kila wimbi linapopita, sehemu nyingine ya penumbra hushindwa kuinuka tena. Joto la mwili likipanda, mahitaji ya nishati hupanda nalo. Sukari ikizidi katika damu, tishu isiyo na oksijeni huitumia kwa njia inayozalisha asidi, na asidi hiyo huongeza uharibifu. Mambo haya mawili yatarejewa baadaye katika sura hii, kwa kuwa yanaweza kudhibitiwa hata katika hospitali isiyo na mashine za gharama kubwa.

Mwaka 2006 daktari wa Marekani, Jeffrey Saver, alikadiria hasara hiyo kwa hesabu. Katika kiharusi cha kawaida cha ateri kubwa ambacho hakikutibiwa, ubongo hupoteza wastani wa nyuroni milioni 1.9 kila dakika, pamoja na viungo bilioni 14 vya kupelekeana ujumbe na kilometa 12 za nyuzi za neva. Kwa kulinganisha na upotevu wa nyuroni unaoletwa na umri, kila saa inayopita bila tiba huuzeesha ubongo kwa miaka 3.6. Takwimu hizo ni wastani, na ndani ya wastani huo kuna tofauti kubwa kati ya mgonjwa mmoja na mwingine.

Njia za pembeni

Tofauti hiyo hutokana hasa na mishipa ya pembeni. Chini ya ubongo ateri kubwa huungana na kufanya duara, ambalo huitwa kwa jina la Thomas Willis, daktari Mwingereza aliyelieleza katika karne ya 17, na juu ya uso wa ubongo matawi madogo ya ateri moja hukutana na matawi ya ateri nyingine. Shamba la mpunga ambalo mfereji wake mkuu umezibwa huweza kuendelea kupata maji kidogo kupitia vijifereji vya shamba jirani, na vivyo hivyo eneo la ubongo ambalo ateri yake imezibwa huweza kupokea damu inayorudi kinyumenyume kupitia matawi hayo. Penumbra huishi kwa damu hiyo ya kuazima.

Watu hutofautiana sana kwa wingi na upana wa matawi haya. Yupo mgonjwa ambaye matawi yake ni machache, na kiini chake humeza karibu penumbra yote katika muda usiofika saa mbili, na yupo mwingine, aliyezibwa ateri ileile mahali palepale, ambaye penumbra yake bado ni pana baada ya saa 12 au zaidi. Damu ya pembeni haina pampu yake yenyewe, hutegemea shinikizo la damu la mwili mzima, na kwa hiyo mwili wa mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hupandisha shinikizo lake wenyewe katika saa za mwanzo. Mtu anayelishusha shinikizo hilo kwa pupa, akidhani anaondoa hatari, huweza kuikausha penumbra iliyokuwa ikiishi kwa kulitegemea.

Kuliyeyusha donge

Njia iliyo wazi zaidi ya kuokoa penumbra ni kuufungua mshipa. Mwili wenyewe una protini inayoanzisha uyeyushaji wa damu iliyoganda, na uhandisi wa jeni uliwezesha kuitengeneza kiwandani kwa jina la alteplazi. Mwezi Desemba 1995, Taasisi ya Taifa ya Magonjwa ya Neva na Kiharusi ya Marekani ilichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 624, ambao nusu yao walipewa alteplazi na nusu plasibo, yaani dawa isiyo na nguvu yoyote, ndani ya saa tatu tangu dalili zianze. Baada ya miezi mitatu, waliopata alteplazi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, wa kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo sana. Gharama yake ilikuwa kuvuja damu ndani ya ubongo kwa kiwango cha kuleta madhara, jambo lililowapata asilimia 6.4 ya waliotibiwa na asilimia 0.6 ya waliopewa plasibo, ingawa vifo kwa jumla havikuongezeka. Mwaka 1996 dawa hiyo iliidhinishwa nchini Marekani kwa ajili ya kiharusi, na mwaka 2008 jaribio la Ulaya lilionyesha kwamba huweza kusaidia hadi saa nne na nusu.

Hatari ya kuvuja damu ndiyo sababu hakuna daktari anayeruhusiwa kutoa dawa hii kwa kukisia. Kiharusi cha kuziba na kile cha kuvuja hufanana kwa dalili, na ni kipimo cha CT, kinachopiga picha za vipande vya kichwa kwa mionzi, kinachoweza kuvitofautisha kwa uhakika ndani ya dakika chache. Kumpa dawa ya kuyeyusha damu mgonjwa ambaye mshipa wake umepasuka ni kumzidishia mauti. Pamoja na hayo, dawa hupoteza faida kadiri inavyochelewa: uchambuzi wa majaribio tisa uliochapishwa mwaka 2014, uliojumlisha wagonjwa 6,756, ulionyesha kwamba kati ya waliotibiwa ndani ya saa tatu karibu asilimia 33 walipata nafuu nzuri, ikilinganishwa na asilimia 23 ya wasiopewa dawa, wakati kwa waliotibiwa kati ya saa tatu na nne na nusu tofauti ilipungua hadi asilimia 35 dhidi ya 30. Katika miaka ya karibuni tenekteplazi, dawa ya ukoo huohuo ambayo hutolewa kwa sindano moja badala ya dripu ya saa nzima, imeanza kuchukua nafasi ya alteplazi katika nchi nyingi.

Kulitoa donge

Alteplazi huyeyusha vizuri madonge madogo, lakini donge refu lililokwama katika mdomo wa ateri kubwa mara nyingi huishinda. Kwa wagonjwa wa namna hiyo ilibuniwa trombektomi, utaratibu ambao daktari huingiza mrija mwembamba kupitia ateri ya paja au ya mkono, akaupandisha hadi ndani ya ubongo huku akiuangalia katika kioo cha mionzi, kisha akalinasa donge kwa wavu wa chuma laini au kulifyonza na kulitoa nje. Majaribio ya mwanzo hayakuonyesha faida, kwa kuwa vifaa vilikuwa duni na wagonjwa wengi waliingizwa bila kuhakikisha kwamba ateri kubwa imezibwa. Mwaka 2015 hali ilibadilika: jaribio la Uholanzi lililoitwa MR CLEAN, lenye wagonjwa 500, lilionyesha kwamba asilimia 32.6 ya waliofanyiwa utaratibu huo ndani ya saa sita waliweza kujitegemea baada ya miezi mitatu, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliopata tiba ya kawaida peke yake, na ndani ya mwaka huohuo majaribio mengine manne yakathibitisha. Yalipojumlishwa, ilionekana kwamba kwa kila wagonjwa watatu hivi wanaofanyiwa trombektomi, mmoja hupungukiwa na ulemavu kwa angalau daraja moja. Ni tiba chache sana zenye nguvu ya kiasi hicho.

Picha badala ya saa

Mipaka ya saa tatu, nne na nusu na sita iliwekwa kwa sababu majaribio yalihitaji mipaka, lakini penumbra haisomi saa. Mgonjwa mwenye njia nzuri za pembeni alikuwa akinyimwa tiba kwa kuchelewa, ingawa tishu zake zilikuwa bado hai, na mgonjwa aliyeamka asubuhi akiwa amepooza alinyimwa kwa sababu hakuna aliyejua kiharusi kilianza saa ngapi. Ufumbuzi ulitokana na picha. Kwa kudunga dawa ya kung'arisha mishipa na kupiga picha nyingi mfululizo, kompyuta huweza kukokotoa sehemu ambazo damu imepungua kiasi cha kuua tishu, ambazo huhesabiwa kuwa kiini, na sehemu ambazo damu inafika kwa kuchelewa, ambazo huhesabiwa kuwa penumbra. Mashine ya MRI, inayotumia sumaku badala ya mionzi, huonyesha kiini ndani ya dakika chache kwa kupima jinsi maji yanavyoshindwa kutembea katika seli zilizovimba.

Jaribio lililoitwa DAWN, lenye wagonjwa 206, lilitumia tofauti kati ya udogo wa kiini na ukubwa wa ulemavu kuwachagua wagonjwa waliokuwa na saa 6 hadi 24 tangu walipoonekana wazima kwa mara ya mwisho. Kati ya waliofanyiwa trombektomi, asilimia 49 walijitegemea baada ya miezi mitatu, dhidi ya asilimia 13 ya wale ambao hawakufanyiwa. Jaribio la pili, DEFUSE 3, lililochapishwa mwaka 2018, lilipata asilimia 45 dhidi ya 17 kwa wagonjwa wa saa 6 hadi 16. Mwaka huohuo jaribio la Ulaya lililoitwa WAKE-UP liliwahusisha watu ambao saa ya kuanza kwa kiharusi chao haikujulikana, wengi wao wakiwa wameamka nacho. Likitumia aina mbili za picha za MRI, moja inayoonyesha uharibifu mapema na nyingine inayouonyesha baada ya saa kadhaa, liliwatambua wale ambao kiharusi chao kilikuwa bado kichanga, na asilimia 53.3 ya waliopewa alteplazi walipata nafuu nzuri ikilinganishwa na asilimia 41.8 ya waliopewa plasibo.

Matokeo haya yasieleweke kuwa ruhusa ya kuchelewa. Wagonjwa wa DAWN walikuwa wachache waliochujwa kwa uangalifu, wale ambao miili yao iliweza kuilinda penumbra kwa muda mrefu. Nyuma ya kila mmoja wao walikuwepo wengine wengi ambao, kufikia saa hizo, hawakuwa tena na cha kuokolewa.

Dawa za kuzilinda seli

Kwa kuwa njia ya kifo cha seli inajulikana kwa undani, watafiti walitumaini kupata dawa ambayo ingeikatiza njia hiyo, ili penumbra istahimili hadi mshipa ufunguliwe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulihesabu tiba 1,026 zilizokuwa zimewahi kujaribiwa, nyingi zikiwa zimefaulu kwa wanyama, lakini kwa binadamu mafanikio hayakufuata. Mfano unaotajwa mara nyingi ni NXY-059, dawa ya kunasa kemikali kali zinazozalishwa na tishu zilizojeruhiwa, ambayo mwaka 2006 ilitoa matokeo ya kutia moyo katika jaribio la kwanza, kisha mwaka 2007 ikashindwa katika jaribio la pili lililokuwa kubwa zaidi. Sababu zilizotajwa ni nyingi: panya wa maabara ni wachanga na hawana kisukari wala shinikizo la damu, hupewa dawa dakika chache baada ya kuzibwa mshipa, na majaribio mengi ya wanyama hayakufanywa kwa umakini unaotakiwa. Funzo lililobaki ni kwamba seli isiyoletewa damu haiwezi kuokolewa kwa kulindwa tu, na matumaini ya sasa yamehamia kwa dawa zitakazotumiwa sambamba na kufungua mshipa.

Kazi ya kitandani

Kushindwa kwa dawa hizo kusifanywe sababu ya kudharau ulinzi ulio wa kawaida kabisa. Huko New South Wales, Australia, jaribio lililochapishwa mwaka 2011 liliwafundisha wauguzi wa wodi za kiharusi mambo matatu: kupima na kushusha homa, kupima na kudhibiti sukari ya damu, na kuhakikisha mgonjwa anaweza kumeza kabla hajapewa chakula, maji au dawa kwa mdomo. Baada ya siku 90, asilimia 42 ya wagonjwa wa wodi hizo walikuwa wamefariki au wakiishi kwa kuwategemea wengine, ikilinganishwa na asilimia 58 katika wodi ambazo wauguzi wake hawakupewa mafunzo hayo. Kipimajoto, kipima sukari na kikombe cha maji vilileta tofauti ambayo dawa mia kadhaa za maabara hazikuileta.

Shinikizo la damu nalo lina kanuni zake. Miongozo mingi inaelekeza kwamba mgonjwa wa kiharusi cha kuziba ambaye hatapewa dawa ya kuyeyusha donge asishushwe shinikizo katika siku za kwanza isipokuwa limezidi 220 kwa 120 au kuna sababu nyingine ya dharura, na anayetarajiwa kupewa dawa hiyo ashushwe hadi chini ya 185 kwa 110 ili kupunguza hatari ya kuvuja damu. Aspirini nayo, ikianzishwa ndani ya saa 48 baada ya picha kuthibitisha kwamba hakuna damu iliyovuja, huzuia takriban vifo au viharusi vipya 10 kwa kila wagonjwa 1,000, kama ilivyothibitishwa na majaribio mawili makubwa ya mwaka 1997. Ni faida ndogo kwa mgonjwa mmoja, lakini ni dawa ya bei ya chini ambayo hupatikana karibu kila mahali.

Wajibu wa walio karibu

Mambo haya yanaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam, ulipata viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 jijini, baada ya kurekebisha tofauti za umri. Mzigo wa jijini ulikuwa miongoni mwa mikubwa iliyowahi kupimwa popote, na tangu wakati huo miji imezidi kukua. Mashine za CT zimeongezeka katika hospitali za rufaa, lakini dawa ya kuyeyusha donge bado ni ghali na trombektomi hupatikana katika vituo vichache mno, na wagonjwa wengi hufika baada ya penumbra kwisha. Wengine huchelewa kwa sababu ya umbali na nauli, wengine kwa kupitia zahanati mbili tatu zisizo na kipimo, na wengine kwa kuanzia kwa mganga, wakiamini kwamba aliyeanguka ghafla ametupiwa jini au amerogwa. Serikali na hospitali zina deni la kuleta picha, dawa na wataalamu karibu na watu, na kuwapa wauguzi mafunzo ya mambo matatu yaliyotajwa, ambayo hayahitaji kusubiri bajeti kubwa.

Deni lililobaki ni la kila msomaji. Mtu akipinda mdomo ghafla, au mkono wake mmoja ukishuka anapoinua yote miwili, au maneno yake yakivurugika, apelekwe moja kwa moja katika hospitali yenye kipimo cha CT, hata kama hasikii maumivu yoyote na hata kama dalili zimeanza kupungua. Wanaomsindikiza wakumbuke na kuwaeleza madaktari saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho pamoja na dawa anazotumia. Wasimpe aspirini kabla ya picha, wasimmezeshe dawa ya kushusha shinikizo kwa haraka, wasimlishe wala kumnywesha chochote hadi uwezo wake wa kumeza upimwe. Na asiwepo mtu wa kusema kwamba kwa kuwa amekwisha kupooza hakuna haja ya haraka, kwani katika saa hizo za mwanzo sehemu kubwa ya ubongo wake huenda ingali hai, na huenda ikaokolewa au kupotea kwa uamuzi utakaofanywa na wale waliosimama karibu naye.